Wamejiandikisha Wenyewe, Mbona Jarida Linaangukia Kwenye Taka?

Tangu Februari 2024 wahariri wa majarida ya barua pepe wamekuwa wakiulizana swali moja. Wasomaji wamejiandikisha kwa hiari yao, wengine wamelipia kabisa, lakini toleo likitoka wapo wengi wanaosema hawakuliona. Fundi mmoja atasema kasoro iko kwenye rekodi za kikoa. Wa pili atashauri inunuliwe anwani ya IP ya peke yake. Wa tatu atafuta neno "bure" kwenye kichwa cha barua na kuamini kazi imekwisha. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana ushauri wao unagongana.

Takwimu nazo zinachanganya. Programu ya kutuma majarida ikiandika kwamba barua "imefika", maana yake ni kwamba seva ya mpokeaji imekubali kuipokea, basi. Haijasema imeiweka wapi: kwenye kikasha, kwenye kichupo cha matangazo ambacho Gmail ilikianzisha mwaka 2013, au kwenye folda ya barua taka. Jarida linaweza kufika kwa karibu wote waliojiandikisha na likaonwa na wachache mno. Tiba zinazopendekezwa ni nne, na hazina uzito sawa.

Mfumo uliozaliwa bila mlinzi

Kanuni za kusafirisha barua pepe, SMTP, ziliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa watafiti na taasisi zilizofahamiana. Hazikumlazimisha mtumaji kuthibitisha jina lake. Kama ilivyo kwa bahasha ya posta, mtu aliweza kuandika nyuma yake jina lolote na barua ikapokelewa. Dalili za hatari zilikuwepo hata kabla ya hapo: tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC nchini Marekani, aliwatumia watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET tangazo la kibiashara ambalo hawakuliomba.

Ulinzi ulikuja kwa viraka. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake walianza kusambaza orodha ya anwani za IP zilizojulikana kwa kutuma taka ili seva nyingine zizikatae. Mwaka uliofuata Steve Linford alianzisha Spamhaus jijini London, na orodha zake zinatumika hadi leo. Agosti 2002 Paul Graham alieleza jinsi programu inavyoweza kufundishwa kubashiri taka kwa kuhesabu maneno yanayojirudia kwenye barua mbaya na nzuri. Kisha zikaja njia tatu za kumtambua mtumaji, yaani SPF, DKIM na DMARC, ambazo nyaraka zake zilitolewa kati ya 2006 na 2015. Kwa miaka mingi matumizi yake yalikuwa ya hiari. Oktoba 2023 Google na Yahoo zilitangaza kwa pamoja kwamba kuanzia Februari 2024 hiari hiyo imekwisha kwa watumaji wakubwa. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa anwani za Outlook na Hotmail.

Masharti ya Google yanamhusu hasa anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye akaunti binafsi za Gmail. Anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC. Jarida lake liwe na kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Malalamiko ya wasomaji yasifikie asilimia 0.3, na vizuri zaidi yabaki chini ya asilimia 0.1. Aliyevuka barua 5,000 hata siku moja tu huhesabiwa mtumaji mkubwa daima. Wadogo nao hawakuachwa nje: wanatakiwa wawe na SPF au DKIM, na kiwango cha malalamiko ni kile kile.

Hoja ya kwanza: kitambulisho kwanza

Mafundi wengi huanzia hapa, na wana sababu. SPF ni tangazo ambalo mwenye kikoa huliweka kwenye DNS, daftari la umma la vikoa, akitaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. DKIM ni saini inayobandikwa kwenye kila barua kwa ufunguo wa siri. Ufunguo wa kuikagua uko hadharani kwenye DNS, hivyo barua ikichezewa njiani saini haikubali. Lakini SPF hukagua anwani inayotumiwa na seva zenyewe, ambayo si lazima iwe ile anayoiona msomaji. Pengo hilo ndilo DMARC inaloliziba. Inataka kikoa kinachoonekana na msomaji kilingane na kilichothibitishwa, na inaiambia seva ya mpokeaji ifanye nini visipolingana.

Rekodi yenyewe ni mstari mfupi: v=DMARC1; p=none; kisha anwani ya kupokelea ripoti. Hiyo p=none ni sawa na kusema "usizuie kitu, nipe taarifa tu". Baadaye mwenye kikoa anaweza kupanda hadi p=quarantine, barua zenye shaka ziende kwenye taka, au p=reject, zikataliwe kabisa. Kazi hii, kwa mwenye kikoa kimoja na huduma moja ya kutuma barua, haimalizi siku.

Kasoro ya hoja hii iko kwenye kile kinachotarajiwa kutoka kwake. Kitambulisho kinathibitisha barua imetoka kwa nani. Hakisemi kama mpokeaji anaitaka. Mtuma taka aliyenunua kikoa asubuhi anaweza kuweka rekodi zote tatu kabla ya adhuhuri. Na ukali una gharama zake. Aprili 2014 Yahoo ilipoweka p=reject kwenye kikoa chake, vikundi vya majadiliano vya barua pepe duniani kote vilivurugika. Mwanachama mwenye anwani ya Yahoo aliandika, ujumbe ukapitia seva ya kikundi, na seva za wanachama wengine zikaukataa kwa sababu haukutoka Yahoo moja kwa moja. Waliopatwa na usumbufu hawakuwa wamekosa lolote.

Kwa Afrika Mashariki hoja hii ina uzito wa pekee. Vyama vya ushirika, shule na asasi nyingi za Tanzania na Kenya bado zinatumia anwani ya bure ya Gmail au Yahoo kama anwani rasmi, kisha zinaitumia kupitia huduma ya nje ya kusambaza majarida. Huduma hiyo haiwezi kusaini kwa niaba ya gmail.com, kwa hiyo DMARC inashindwa, na tangu 2024 Google yenyewe imekaza masharti kwa barua zinazodai kutoka kwenye kikoa chake. Kwa asasi ya namna hiyo, kununua kikoa cha .or.tz au .co.ke ni gharama isiyokwepeka, na pengine ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Barua zinazorudi nazo zinaeleza mengi kwa anayezisoma. Namba 550 5.7.26 kutoka Gmail inasema mtumaji hakuthibitishwa. Namba 550 5.1.1 inasema anwani hiyo haipo. Ya kwanza dawa yake iko kwenye DNS. Ya pili dawa yake ni kuifuta anwani siku hiyo hiyo.

Hoja ya pili: kuuliza ridhaa mara mbili

Kundi la pili linasema chanzo cha matatizo kiko kwenye fomu ya kujiandikisha. Mtu akijaza anwani, atumiwe kwanza ujumbe wenye kiungo cha kuthibitisha. Asipokibofya, asiingizwe kwenye orodha. Spamhaus imeitetea njia hii kwa miaka mingi, na nchini Ujerumani hukumu za mahakama zimeifanya kuwa njia ya kawaida ya kuthibitisha ridhaa.

Ushahidi wenye nguvu ni wa Agosti 2016. Roboti zilijaza anwani za watu, zikiwemo za serikali ya Marekani, kwenye maelfu ya fomu za majarida duniani. Vikasha vya walengwa vilifurika barua hadi visitumike. Waliotumiwa kama silaha walikuwa watuma majarida halali ambao fomu zao hazikuuliza mara ya pili, na Spamhaus iliziwekea vikwazo baadhi ya anwani za IP za huduma zilizobeba barua hizo.

Wapinzani wanajibu kwamba njia hii inapoteza wasomaji wa kweli. Ujumbe wa kuthibitisha unaweza wenyewe kuangukia kwenye taka, au mtu akaahirisha kuubofya hadi akasahau. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba Oktoba 2017 Mailchimp, huduma inayojulikana sana na wachapishaji wadogo, iliufanya uandikishaji wa hatua moja kuwa mpangilio wake wa kawaida, kisha baada ya malalamiko ikabakisha hatua mbili kwa wateja wa Umoja wa Ulaya.

Katika mazingira yetu, mizani inaegemea upande wa kuuliza mara mbili. Fikiria karatasi ya mahudhurio inayozungushwa kwenye warsha. Safu moja ni ya jina, nyingine simu, nyingine barua pepe, ya mwisho saini. Mtu anaandika haraka, karatasi ikiwa juu ya goti, herufi "n" inafanana na "u", nukta haionekani, "gmail.com" inakatwa katikati. Wiki mbili baadaye mtu mwingine anaziingiza zote kwenye orodha ya jarida. Sehemu ya anwani hizo hazipo, na nyingine ni za watu wasiohusika kabisa. Zilizo sahihi ni za watu waliojiandikisha kwa ajili ya mahudhurio, wala hakuna aliyewauliza kama wanataka jarida.

Sheria nazo zimebana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa ndiye aoneshe kwamba ridhaa ilitolewa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ikaanza kutumika 2023. Marekani bado iko mbali na mtazamo huo: sheria yake ya 2003, CAN-SPAM, inaruhusu kumtumia mtu bila kumuuliza kwanza, mradi apewe njia ya kujitoa. Mhariri wa Arusha au Kisumu anayefuata mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Wamarekani anaweza kuvunja sheria za nchi yake bila kujua.

Lakini ridhaa, hata ikithibitishwa, huzeeka. Aliyebofya kiungo mwaka 2019 huenda amebadilisha kazi, mji na mambo anayoyapenda. Barua ikimjia asubuhi moja asiikumbuke, ataibofya kuwa taka, na ridhaa yake ya zamani haitamtetea mtumaji. Kichujio cha Gmail hakina nakala ya fomu wala tarehe ya mbofyo ule. Kinachoona ni mwenendo wa leo tu. Hapa ndipo watuma majarida waaminifu wanapoumia, kwa sababu wanadhani haki waliyopewa na msomaji inasafiri pamoja na barua. Haisafiri.

Hoja ya tatu: orodha ndogo iliyo hai

Kundi la tatu linajenga juu ya jambo hilo. Ikiwa kichujio kinatazama mwenendo, basi wasiosoma waondolewe kabla hawajaharibu sifa ya mtumaji kwa wanaosoma.

Hesabu zinawaunga mkono. Kwa barua 2,000 zilizowekwa kikashani, malalamiko sita yanafikisha asilimia 0.3. Watu sita kwenye orodha ya wasomaji elfu mbili si wengi. Wanaweza kuwa marafiki wa zamani waliochoka na kutojua kitufe cha kujiondoa kilipo. Google hukokotoa kiwango hiki kwa kutumia barua zilizoingia kikashani, na hapo pana mtego: mtumaji ambaye barua zake nyingi zinakwenda moja kwa moja kwenye taka anaweza kuona kiwango kidogo cha malalamiko, kwa kuwa hakuna anayeziona ili azilalamikie. Asiyejua hilo atafurahia takwimu wakati hali yake ni mbaya zaidi.

Anwani zilizolala zina hatari nyingine. Baadhi ya anwani zilizoachwa hugeuzwa na watoa huduma kuwa mitego: hakuna mtu nyuma yake, kwa hiyo anayezitumia barua anajulikana kwamba hasafishi orodha yake. Halafu kuna anwani ambazo hazijafa wala haziishi. Simu nyingi za Android huhitaji akaunti ya Google ili mtu apakue programu kutoka Play Store, na watu wengi walifunguliwa anwani ya Gmail dukani siku waliyonunua simu. Akaunti inatumika kila siku, haifutwi, na barua hazirudi. Kikasha ndicho hakifunguliwi kamwe. Orodha iliyojaa anwani za aina hii inaonekana nzima kwenye ripoti, ilhali kila toleo linaiambia Gmail kwamba jarida hili halisomwi.

Ugumu wa hoja ya tatu ni kumtambua asiyesoma. Zamani programu zilihesabu ufunguzi kwa picha ndogo isiyoonekana iliyopakuliwa barua inapofunguliwa. Septemba 2021 Apple ilianza kuzipakua picha hizo kwa niaba ya watumiaji wanaokubali ulinzi huo wa faragha, hata kama barua haijafunguliwa, na takwimu za ufunguzi zikavimba. Kwa upande mwingine yupo msomaji anayezima picha ili kubana matumizi ya bando. Anasoma kila toleo, lakini kwenye ripoti anaonekana amekufa. Kumfuta huyo ni kumdhulumu, na ndiyo maana kabla ya kumwondoa mtu ni lazima aandikiwe barua moja ya wazi ya kumuuliza kama bado anataka jarida. Mibofyo, majibu na uthibitisho huo vina thamani kuliko hesabu ya ufunguzi.

Kitufe cha kujiondoa nacho kinastahili kuheshimiwa kuliko kinavyoheshimiwa sasa. Kanuni yake ya mbofyo mmoja, RFC 8058, ilitolewa Januari 2017, na ilibuniwa kwa uangalifu: programu za usalama huvifungua zenyewe viungo vilivyomo kwenye barua ili kuvikagua, kwa hiyo ombi la kujiondoa lilitengenezwa kwa namna ambayo kufungua kiungo peke yake hakutoshi kumwondoa mtu. Mhariri anayekificha kitufe chini kabisa kwa maandishi hafifu anamsukuma msomaji kwenye kitufe kingine, cha kuripoti taka. Anayejiondoa hapunguzi sifa ya jarida. Anayeripoti ndiye anayeipunguza.

Hoja ya nne: njia na maneno

Hoja ya mwisho inapewa muda mwingi kuliko inavyostahili. Anwani ya IP ya peke yako ina faida kwa anayetuma barua nyingi kwa mfululizo, kwani hachafuliwi na majirani. Kwa jarida la wiki lenye wasomaji elfu chache, IP hiyo haitumiki vya kutosha kujenga sifa yoyote. Kushiriki IP na wengine kwenye huduma inayowafukuza watuma taka ni salama zaidi.

Kuhusu maneno, vichujio vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilitoa alama kwa maneno fulani, na woga wa "bure" umebaki kutoka enzi hizo. Leo sifa ya kikoa na mwenendo wa wasomaji vina nguvu zaidi. Bado yapo mambo ya kuangalia: viungo vilivyofupishwa kwa huduma za umma, ambazo watuma taka wanazipenda, na ukubwa wa barua, kwa kuwa Gmail hukata inayozidi takriban kilobaiti 102 na kukificha kiungo cha kujiondoa kilichoko mwishoni.

Nani anashika mizani

Wapo wanaosema tatizo halisi ni kwamba kampuni chache zinaamua barua ya nani ionekane. Si malalamiko ya bure. Oktoba 2022 Kamati ya Taifa ya chama cha Republican nchini Marekani iliishtaki Google ikidai barua zake za kuchangisha fedha zilikuwa zikitupwa kwenye taka kila mwisho wa mwezi. Agosti 2023 mahakama ya shirikisho huko California iliitupilia mbali kesi hiyo. Ikiwa chama kikubwa chenye mawakili na fedha kilishindwa, jarida la wakulima wa mpunga halina pa kukata rufaa.

Hata hivyo masharti ya 2024 yana sifa moja ambayo vichujio vya zamani havikuwa nayo: yameandikwa, yana tarakimu, na mtu anaweza kujipima. Google hutoa zana ya bure, Postmaster Tools, inayomwonesha mwenye kikoa hali yake. Kilichobaki gizani ni uamuzi wa mwisho wa kuiweka barua kikashani au kwenye taka, na hicho hakijaandikwa popote. Kampuni zinadai kuwa kukiweka wazi kutawasaidia walaghai. Hoja hiyo ina ukweli, lakini gharama yake inabebwa na wadogo, na ni haki kuendelea kudai kwamba mtumaji aliyetimiza masharti yote aambiwe sababu ya kuzuiwa.

Kupima hoja

Zikiwekwa pamoja, hoja nne hizi hazishindanii nafasi moja. Kitambulisho ni sharti la kuingia: bila hicho mengine hayana maana, na kikishakamilika hakiongezi kitu. Ridhaa ya hatua mbili huzuia orodha isichafuke, na bei yake ni ukuaji wa polepole. Kusafisha orodha ndiko kunakoamua jarida litakaa wapi mwezi hadi mwezi, nako kunamgharimu mhariri fahari ya idadi kubwa, na wakati mwingine mfadhili anayehesabu anwani badala ya wasomaji. Njia na maneno ni marekebisho ya mwisho.

Anayeanza leo, basi, anunue kikoa, aweke rekodi tatu akianzia na p=none, na asome ripoti kwa wiki kadhaa kabla ya kukaza. Fomu iulize mara mbili, na anwani za karatasi ya mahudhurio zitumiwe mwaliko mmoja wa kujiandikisha, zisitumiwe jarida. Barua ya kwanza ya kumkaribisha msomaji imwombe ajibu, hata kwa sentensi moja kuhusu anachotaka kusoma, kwa sababu jibu la mtu ni alama ambayo roboti ya kupakua picha haiwezi kuitengeneza. Na jarida lililokaa kimya kwa miezi lisirudi kwa kutumwa kwa wote kwa mkupuo. Lianze na waliojiandikisha karibuni na waliobofya matoleo ya mwisho, mhariri atazame malalamiko kwa siku mbili tatu, kisha aongeze kundi jingine.